Mgeni wa Darasani na Ujira Wake

Katika Uingereza mwandishi wa vitabu vya watoto ni msafiri. Baada ya siku za kuandika hufunga mzigo wake wa vitabu, akapanda treni kwenda shule asiyopata kuiona, akasimama mbele ya watoto thelathini au mia tatu, akawasomea, akajibu maswali yao, akatia sahihi vitabu vyao, na jioni akarudi kwake na ujira. Msomaji asidhani kuwa safari hizo ni anasa. Fungu la mwandishi katika bei ya kitabu ni dogo, mara nyingi halifiki kumi katika mia, na katika kitabu cha picha fungu hilo hugawanywa tena baina yake na mchoraji. Kwa wengi wao ujira wa shule ndio unaoiweka kalamu mkononi. Mwaka 1969 Baraza la Sanaa lilianzisha mpango wa kuwapeleka waandishi shuleni, na tangu hapo lililokuwa hisani likawa kazi.

Kuwa kazi ndiko kulikozua ugomvi wa mwaka 2009.

Chanzo chake kilikuwa msiba usiohusiana na vitabu. Mwezi Agosti 2002 wasichana wawili wa miaka kumi waliuawa katika mji mdogo wa Soham. Muuaji alikuwa mtunza majengo wa shule ya sekondari ya hapo. Ikadhihirika kwamba polisi wa Humberside, alikokaa zamani, walikuwa wamepata kupokea tuhuma kadha wa kadha juu yake, lakini habari zile hazikumfikia aliyempa kazi. Nchi nzima ilishikwa na uchungu na aibu. Sir Michael Bichard aliongoza uchunguzi, akatoa taarifa yake mwaka 2004, na mwaka 2006 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watoto na watu dhaifu. Kwa sheria hiyo mamlaka mpya iliundwa ili ipime tabia ya watu na kuweka daftari la waliokubaliwa. Watu waliotazamiwa kuandikwa walizidi milioni 11: walimu, wauguzi, madereva wa mabasi ya shule, wafundishaji wa mpira, na pamoja nao mwandishi na mzigo wake wa vitabu.

Ada ya kuandikwa iliwekwa kuwa paundi 64. Aliyejitolea bure aliandikwa bila ya kutozwa. Aliyepokea ujira alitozwa. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kusoma hadithi yake darasani alijikuta analipa kwanza ndipo alipwe, na anacholipia ni ushahidi kwamba yeye si mwovu.

Mwezi Julai 2009 Philip Pullman, Anne Fine, Michael Morpurgo, Anthony Horowitz na Quentin Blake walijitokeza kupinga. Hawakuwa watu wa kubezwa: Blake, Fine na Morpurgo walikuwa wamepata kushika, mmoja baada ya mwingine, cheo cha Mwandishi Mteule wa Watoto wa nchi hiyo. Fine alieleza kwamba kila azurupo shule huwa mbele ya watu wazima wengine. Pullman aliona kwamba mpango ule ni sumu katika maingiliano ya watu. Wote wawili wakasema kwamba hawataingia tena katika shule za Uingereza kwa sharti hilo.

Serikali haikuwa na nia mbaya, na mzazi aliyezika mtoto hawezi kuambiwa kwamba uangalifu umezidi. Tena kulikuwa na waliouliza kwa haki: kama mwalimu na mpishi wa shule huchunguzwa, mwandishi ana utukufu gani wa kumwepusha? Swali hilo ni zito kuliko walivyokiri wapinzani. Lakini mwalimu na mpishi huonana na watoto wale wale kila siku, hata mazoea yakazaa imani, na imani ndiyo mlango apitao mwovu. Mgeni wa siku moja, mwenye mwalimu kando yake, hana mlango huo. Na jambo moja lilisahauliwa katika kelele zile: wasichana wa Soham hawakuwa wanafunzi wa shule aliyofanya kazi muuaji wao. Walimfahamu kwa sababu mwanamke aliyeishi naye alikuwa msaidizi wa mwalimu darasani mwao.

Mwezi Desemba 2009 Sir Roger Singleton, mwenyekiti wa mamlaka ile ile, alishauri sheria ilegezwe: azuruye shule mbalimbali asilazimike kuandikwa, isipokuwa akutanapo mara kwa mara na watoto wale wale. Serikali ikakubali, na hesabu ya watu ikashuka hadi kama milioni 9. Mwezi Juni 2010, serikali mpya ikiwa na mwezi mmoja tu, Theresa May, waziri wa mambo ya ndani, alisimamisha uandikishaji kabla haujaanza. Sheria ya 2012 iliufuta mpango wa daftari, na Desemba mwaka huo mamlaka yenyewe ikaunganishwa na ofisi ya vyeti vya polisi.

Waandishi wakarudi madarasani. Ujira wao haukuondolewa, wala desturi ya kuulizwa cheti haikufa: shule nyingine zimeendelea kukidai mlangoni hata pale ambapo sheria haikidai.