Nyimbo za Kumuaga Mtani

Katika jimbo la Texas, huko Marekani, vipo vyuo vikuu viwili ambavyo kwa zaidi ya karne moja vimekuwa watani wa jadi. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Texas, kilichofunguliwa mwaka 1883 mjini Austin, kwenye makao ya serikali ya jimbo. Cha pili ni Texas A&M, kilichokitangulia kwa miaka saba, kikajengwa mashambani, penye mji ambao leo huitwa College Station, ili kifundishe kilimo, ufundi na uaskari. Baina yao pana mwendo wa kiasi cha saa mbili kwa gari. Timu zao zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika mpira wa Kimarekani, ule unaochukuliwa kwa mikono zaidi kuliko unavyopigwa kwa miguu, na Texas ikashinda kwa 38 kwa 0. Tangu hapo wa Austin wakawaona wenzao kuwa ni wakulima, na wakulima wakawaona wa Austin kuwa ni watoto waliodekezwa. Hata katika maandishi utani uliingia: watu wa A&M hulifupisha jina la chuo cha jirani kwa herufi ndogo mbili, makusudi, ili wasimpe heshima ya herufi kubwa.

Wapenzi wa timu hizi wanapoyakumbuka ya zamani, aghalabu hawendi mbali kabla hawajafika kwenye nyimbo. Na msomaji aliyezoea majibizano ya washairi hatashangaa. Mwaka 1918, vita vikuu vya kwanza vilipomalizika, mwanafunzi wa A&M aliyeitwa J. V. Wilson, ambaye wenziwe walimwita Pinky, alikuwa askari wa Marekani aliyepangwa zamu kwenye mto Rhine, nchini Ujerumani. Hapo, mbali na kwao, nyuma ya barua aliyoletewa kutoka nyumbani, aliandika maneno ya wimbo ambao hadi leo ndio wimbo wa vita wa chuo chake. La ajabu ni kwamba wimbo huo haukisifu sana chuo cha mtungaji. Unamtaja mtani, unamwambia kwaheri, unazikejeli rangi zake. Mtu aliyevuka bahari na kuuona mwisho wa vita, alipoikumbuka shule yake alimkumbuka kwanza hasimu wa shule hiyo.

Miaka ishirini baadaye, mnamo 1938, baadhi ya watu walilalamika kwamba wimbo ulimhusu zaidi jirani kuliko wenyewe. Wilson akawasikiliza, akatunga ubeti mwingine wa kuutangulia ule wa kwanza, wa kukisifu chuo ipasavyo. Ubeti haukushika. Umma uliendelea kuimba ubeti wa kejeli, na unauimba mpaka leo. Mtunzi yeyote aliyewahi kuombwa aongeze tenzi ya adabu juu ya shairi la malumbano ataielewa hatima hiyo.

Jibu la Austin lilitungwa katika miaka ya 1920 na Walter Hunnicutt, kwa nia iliyo wazi ya kuzikabili nyimbo za A&M. Nalo pia linamuaga mtani. Mahadhi yake yamechukuliwa kutoka kwenye mlio wa tarumbeta uitwao Taps, ambao majeshi ya Marekani huupiga wakati wa kulala na wakati wa kuwazika askari, isipokuwa hapa umeharakishwa hadi ukawa wimbo wa kuchangamsha uwanja. Hivyo kila upande ulikuwa na wimbo wa kumwambia mwenzake aende zake, na hakuna upande uliodhani kwamba siku moja mwenzake angekwenda kweli.

Kumbukumbu za ushabiki zina tabia yake, nayo ni kutengeneza. Kisa cha maksai Bevo ni ushahidi. Mwaka 1916 wapenzi wa Texas walimleta mchezoni maksai wa pembe ndefu awe nembo hai ya timu. Mwezi Februari 1917 vijana wa A&M walimwendea kwa siri wakampiga chapa ya moto ya tarakimu 13 na 0, matokeo ya mchezo wa 1915 ambao wao walishinda. Kwa vizazi kadhaa ilisimuliwa kwamba watu wa Austin, ili kuificha aibu, waliigeuza chapa hiyo: 13 ikafanywa B, kistari kikawa E, V ikapachikwa, sufuri ikabaki O, na ndipo jina Bevo lilipozaliwa. Ni hadithi nzuri mno, na si ya kweli. Jina hilo lilikwisha chapwa katika jarida la waliohitimu Texas mwezi Disemba 1916, kabla ya chapa ya moto. Lililo kweli lina ladha yake pia: mwaka 1920 maksai yule alichinjwa, kwa kuwa kumtunza kulikuwa ghali, akaliwa katika karamu ya chuo. Watu wa A&M walialikwa, wakapakuliwa nyama ya ule upande walioupiga chapa, kisha wakakabidhiwa na ngozi. Ukweli huu unaonyesha mahasimu wameketi kwenye meza moja, jambo ambalo hadithi ya kubuni haikuwa na haja nalo.

Wazee wa pande zote mbili huutaja mwaka 1940. A&M walikuwa mabingwa wa taifa wa 1939 na walifika Austin bila ya kushindwa. Mapema sana Noble Doss wa Texas alidaka mpira akiwa ameupa mgongo, mdako ambao ukaitwa usiowezekana, na punde Texas ikapata alama saba ambazo ndizo pekee zilizopatikana siku hiyo. Mwaka uliofuata zamu ilikuwa ya kwenda College Station, ambako Texas haikuwa imeshinda tangu 1923. Wanafunzi wa Austin wakamwendea mpiga ramli. Akawaambia wawashe mishumaa myekundu. Mishumaa ikawaka katika madirisha ya maduka na ya nyumba mji mzima, na Texas ikashinda kwa 23 kwa 0. Timu hiyo ilikuwa miongoni mwa timu bora za nchi, kwa hiyo huenda mishumaa haikuwa na kazi kubwa; lakini desturi ya kuiwasha ikabaki, na hakuna aliyejitokeza kuwatetea wachezaji dhidi ya mpiga ramli.

Desturi ya A&M ilikuwa ya moto mkubwa zaidi. Tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini wanafunzi walikusanya kuni na kuwasha moto kabla ya kukutana na Texas. Mwaka 1935 mkulima mmoja aliamka akakuta banda lake limebomolewa na kuchukuliwa likawe kuni, na hapo chuo kikaamua kuisimamia shughuli hiyo. Rundo likawa mnara wa magogo. Mwaka 1963 magogo yalipangwa, kisha yakapanguliwa bila ya kuwashwa, kwa sababu Rais John F. Kennedy alikuwa ameuawa mjini Dallas. Mwaka 1969 mnara ulipindukia futi 109. Wanafunzi wenyewe ndio waliokata miti, wakabeba, wakapanda na kufunga nyaya usiku na mchana, na kila kundi lililohitimu lilifunza lililofuata kwa mdomo, bila ya michoro ya mhandisi.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1999, ikikaribia saa tisa, mnara ulianguka na vijana wakiwa juu yake. Walikufa 12, na 27 wakajeruhiwa. Tume iliyoundwa ilieleza mwaka 2000 kwamba kosa halikuwa la gogo moja wala la mtu mmoja: mnara ulikuwa umebadilika mwaka hadi mwaka bila ya hesabu za uimara, na chuo kilikuwa hakina usimamizi wa kutosha juu ya jambo ambalo kila mtu aliliona kuwa ni mila. Neno hilo, mila, ndilo lililowazuia watu wazima wengi kuuliza swali jepesi.

Huko Austin sherehe ya mishumaa myekundu ya mwaka huo ilifutwa, na mahali pake ukafanyika mkutano wa kuomboleza pamoja na wenzao. Siku ya mchezo, tarehe 26 Novemba, wakati wa mapumziko, bendi ya Texas iliingia uwanjani mwa A&M. Ilipiga wimbo wa maombolezo, kisha ikaipiga Taps, safari hii kwa mwendo wake wa asili, taratibu. Wapigaji wakavua kofia zao nyeupe, wakatoka. A&M walishinda kwa 20 kwa 16, na wengi wa waliokuwapo, wa pande zote mbili, huikumbuka bendi kabla ya kuyakumbuka matokeo. Mnara wa magogo haukujengwa tena ndani ya chuo. Mwaka 2004, mahali ulipoanguka, lilifunguliwa duara la ukumbusho lenye milango 12, kila mmoja ukielekea mji alikotoka marehemu mmojawapo.

Si haki kuzisimulia zama hizo kana kwamba zilikuwa za watu wote. A&M ilikuwa chuo cha wanaume na cha Wazungu hadi 1963. Texas iliwapokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza mwaka 1956, lakini timu yake iliyotwaa ubingwa wa taifa mwaka 1969 ilikuwa ya Wazungu watupu, ya mwisho ya namna hiyo kuupata. Julius Whittier aliingia timu kubwa mwaka 1970 akiwa mweusi wa kwanza kuichezea. Mwaka 2021 kamati ya chuo hicho ilieleza kwamba wimbo wake mkuu uliimbwa mara ya kwanza, mwaka 1903, katika onyesho la watu wanaowaigiza na kuwakejeli weusi. Mzee anayesema kwamba zamani uwanja mzima ulikuwa familia moja anasema kweli kuhusu walioruhusiwa kukaa.

Upande wa ushindi, mizani imeelemea Austin, ingawa A&M nao walikuwa na zama zao: kati ya 1984 na 1994 walishinda michezo 10 katika 11. Wa Austin huwajibu kwa 1998, siku Ricky Williams alipokimbia yadi 60 mbele ya watu wa A&M na kuivunja rekodi ya taifa ya mbio za mchezaji wa chuo.

Kilichoutenga utani huu hakikuwa ugomvi wa uwanjani. Shirikisho la Kusini-Magharibi, lililowaunganisha tangu lilipoundwa mwaka 1914, lilikufa mwaka 1996, na vyuo hivi vikahamia pamoja katika shirikisho jipya la Big 12. Mwaka 2011 Texas ikapata kituo chake cha televisheni kwa mkataba wa dola milioni 300 wa miaka 20. A&M wakaona hawawezi tena kuketi na jirani anayelipwa peke yake, wakatangaza kuhamia shirikisho la Kusini-Mashariki, SEC. Mchezo wa mwisho, tarehe 24 Novemba 2011, Sikukuu ya Shukrani, ulikuwa wa 118. A&M waliongoza kwa 25 kwa 24 hadi sekunde za mwisho, ndipo Justin Tucker wa Texas alipoupiga mpira teke kutoka yadi 40 ukapita kati ya milingoti muda ukiisha. Ikawa 27 kwa 25. Watu wa College Station wakaenda nyumbani na matokeo hayo, wakakaa nayo miaka 13.

Katika miaka hiyo miswada ilipelekwa katika bunge la jimbo kutaka vyuo vilazimishwe kucheza, nayo haikupita. Walioumia si wachezaji, maana mchezaji wa chuo hukaa miaka minne tu na kuondoka. Ni familia zenye mume wa chuo kimoja na mke wa cha pili, ambazo zilikuwa na Alhamisi moja katika mwaka ya kununiana kwa mapenzi, kisha zikabaki na bata mzinga na televisheni inayoonyesha wageni. Huko A&M kila mchezo, awe mpinzani ni Alabama au Florida, maelfu walikumbatiana mabega wakayumba, wakimuaga kwa wimbo mtani ambaye hakuwapo uwanjani. Wageni walicheka, na hawakuwa na kosa.

Texas nayo ilihamia SEC tarehe 1 Julai 2024, ikifuata fedha zile zile zilizowatenganisha. Tarehe 30 Novemba mwaka huo timu zikakutana tena College Station, usiku, na Texas ikashinda kwa 17 kwa 7. Wanafunzi wengi waliojaza uwanja walikuwa watoto wa miaka mitano hadi tisa Tucker alipopiga teke lake. Hawakuwahi kuuona mchezo huu wakiwa wanafunzi, wala ndugu zao waliowatangulia chuoni. Ubeti wa Pinky Wilson waliujua wote, neno kwa neno.