Namba ya Kiwanja

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, jina la Kiingereza lililobandikwa juu ya mashine ya Kimarekani, RCA 301. Baadaye Hazina ikahamia kwenye familia ya ICL 1900. Hesabu za serikali zikavurugika, na mwaka 1974 ikatoka marufuku ya kuingiza kompyuta nchini. Simulizi nyingi huishia hapo, kwenye marufuku. Mimi hubaki nyuma kidogo, ndani ya ile 1900, nikijiuliza nani aliona nini.

Kumbukumbu yake ilipangwa kwa maneno ya biti 24, kila neno likibeba herufi nne. Kila programu ilikatiwa kipande chake, chenye mwanzo ulioitwa datamu na mwisho wake. Popote ilipowekwa, programu iliamini inaanzia sifuri. Tuseme datamu ni 12,000. Programu ya mishahara ingesema mshahara wa fulani uko anwani ya 300, kumbe uko 12,300. Haikudanganya. Ni mpangaji anayejua chumba chake bila kujua namba ya kiwanja. Aliyejua kiwanja ni Executive, programu msimamizi.

Tofauti hiyo haijafa. Mwaka 2003 Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU, programu inayojifanya kuwa kompyuta nyingine nzima. Watu wa fani huita mashine inayoigizwa mgeni, na ile inayoiigiza mwenyeji. Maneno ambayo huku kwetu hayahitaji kufafanuliwa. Kumbukumbu halisi ya mgeni, RAM anayodhani ni yake, ni kipande tu cha kumbukumbu ya mwenyeji.

Toleo la 4.2, Desemba 2019, liliruhusu programu-jalizi kumtazama mgeni amri kwa amri. Lakini jalizi lilikuwa kama mlinzi wa geti: liliona nani amepita kwenda anwani gani, bila kufungua mlango kuona kilichomo. Toleo la 9.2, mwishoni mwa 2024, likafungua mlango kwa anwani pepe, yaani kwa hesabu za mpangaji mwenyewe. Anwani pepe ina kasoro yake. Inategemea programu gani iko kwenye prosesa wakati huo; akiingia mpangaji mwingine, 300 ile ile ni chumba kingine. Kusoma kwa anwani halisi kulikuja na toleo la 10.1, Agosti 2025.

Nilipolijaribu hapa Boko, kilichonifurahisha ni hiki: namba ya kiwanja haisemi nani amelala ndani, ila daftari la wapangaji nalo limehifadhiwa kwenye kiwanja hicho hicho. Kwenye prosesa za kawaida za x86 za biti 64, jalizi huanza na thamani ya CR3 ya programu inayotafutwa, iliyonakiliwa programu hiyo ilipokuwa zamu, likashuka majedwali manne ya kurasa, likisoma kila moja kwa anwani halisi, mpaka likafika kwenye kurasa ya programu ambayo hata haikuwa zamu. Mgeni hahisi kitu.

QEMU haiigizi 1900. Wako wapenzi wa mashine hizo Uingereza waliotengeneza emyuleta yake, nayo huendesha GEORGE 3, mfumo endeshi wa enzi hizo, hata kwenye Raspberry Pi. Kwa hiyo mashine tunayo. Ambacho sina ni mkanda wa Hazina. Lawama ya 1974 imegawanywa kwa jumla jumla: wataalamu wa kigeni, mashine, makarani, na kila msimulizi huchagua wake. Mkanda mmoja wa mishahara ungetosha kuibana. Ningeuendesha taratibu, nichukue datamu kutoka kwa Executive, kisha nilinganishe neno la 12,300 kabla ya kila amri na baada yake. Kama namba iliingia ikiwa mbovu, ni kadi na aliyeitoboa. Kama iliingia nzima ikaharibikia ndani, kuna mstari wa programu, na mstari una aliyeuandika.