Goshen, Alabama: Kanisa lililobomoka Jumapili ya Matawi

Tarehe 27 Machi 1994, ibada ya Matawi ikiendelea, tornado, yaani upepo mkali wa kuzunguka, ilibomoa kanisa la Wametodisti la Goshen, karibu na Piedmont, jimbo la Alabama, Marekani. Watu 20 walikufa humo, wakiwemo watoto. Mmoja wao binti wa mchungaji, mwenye miaka 4. Onyo la serikali lilitolewa dakika chache mbele, lakini halikufika kanisani. Baada ya msiba huo serikali iliongeza mitambo ya redio za hali ya hewa. Juma moja baadaye, alfajiri ya Pasaka, waamini waliabudu nje, mchungaji yule akiwaongoza. Sisi tulio wachungaji hatujui kama tungeweza. Kanisa jipya lilijengwa baadaye.