Milima aliyoiona Speke, na rada iliyoipima

Mwaka 1861, enzi ya Mukama (mfalme) Rumanyika, Mwingereza John Hanning Speke alitazama magharibi kutoka vilima vya Karagwe akaona vilele vya mbali. Akaambiwa ni Mfumbiro. Leo tunaiita Virunga. Vitabu hupenda kumwita Speke mvumbuzi, ingawa waliomtajia jina walikuwa wakiiona milima hiyo kila kulipokucha bila ukungu.

Speke alikadiria urefu wa vilele hivyo kwa jicho. Miaka 150 baadaye milima hiyo, iliyo kilomita zipatazo 200 kutoka Kayanga, Karagwe, ilikuwa shamba la majaribio la elimu mpya: kupima msogeo wa ardhi kwa rada.

Setilaiti ya rada hutuma wimbi ardhini, hupokea mwangwi, kisha hurudi baada ya siku kadhaa kupima tena. Mwangwi ukichelewa hata kidogo, ardhi imesogea mbali nayo. ERS-1 ya Ulaya ilirushwa 1991, na mwaka 1993 ikachapishwa picha ya ardhi ilivyosogezwa na tetemeko la Landers, California.

Tatizo ni kwamba setilaiti hufa. ALOS ya Japani ilinyamaza 2011, Envisat ya Ulaya 2012. Tena kila moja ilikuwa na wimbi lake, pembe yake na kalenda yake, kama wazee wawili wanaosimulia vita moja, mmoja aliiona akiwa kilimani na mwenzake bondeni. Mwaka 2012 Sergey Samsonov na Nicolas d'Oreye walichapisha hesabu ya kuunganisha simulizi hizo, wakaijaribu Virunga. Pembe moja hueleza tu kwamba ardhi imekaribia au imekwenda mbali. Zikiunganishwa pembe mbili, kupanda na kushuka hutengana na kusogea mashariki au magharibi. Mei 2021 Nyiragongo, volkano mojawapo ya Virunga, ilipolipuka, rada ilisaidia kuonyesha kwamba magma imepenya chini ya mji wa Goma kuelekea Ziwa Kivu.

Na kwetu? Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliitikisa Kagera, Karagwe na Kyerwa zikiwamo. Chimbuko lake lilikuwa kilomita 40 hivi chini, kina ambacho huacha alama hafifu mno juu ya ardhi, ingawa kuta za matofali zilianguka na kuua watu.

Kikwazo kingine ni migomba. Wimbi la Sentinel-1, setilaiti ya Ulaya, sentimita 5.6, huishia kwenye majani, nayo majani hayatulii. Rafiki wa rada ni paa la bati na mwamba mtupu. Wimbi la sentimita 24 hupenya vizuri zaidi. Ndilo lililobebwa na setilaiti ya NISAR, iliyorushwa Julai 30, 2025.

Picha za Sentinel-1 hutolewa bure, za tangu 2014. Wapimaji ardhi wa Kayanga, na wa Rubwera kule Kyerwa, wazipakue, waanzie na mabati.