Piña colada: nanasi lililochujwa kabla halijatiwa ramu



Kila msimu wa harusi ukiingia, wateja wetu wanaokuja kupimwa nguo huanza mazungumzo ya fungate. Hoteli ipi, chumba kinaangalia wapi, na kule ufukweni mtu anakunywa nini. Jina moja halikosekani: piña colada, linalotamkwa "pinya kolada". Ni kile kinywaji cheupe, kizito kama uji wa mchele, kinachokuja ndani ya gilasi ndefu na kipande cha nanasi kimechomekwa ukingoni. Wengine wanasema ni juisi tu. Wengine wanasema ni pombe, na hata jina lake lisisikike kwenye harusi ya Kiislamu. Shoga yetu mmoja alikwenda fungate kwenye hoteli ya ufukweni, akaagiza na kusisitiza kisitiwe kileo. Kilipoletwa akakinusa, akamwita mhudumu. Akajibiwa, "Tumetia kidogo tu dada, hata hukisikii." Alikirudisha bila kukionja, lakini jioni yake ile iliharibika. Ndiyo maana tumeona tueleze kinywaji hiki kimetoka wapi na ndani yake muna nini.

Tuanze na jina. Ni Kihispania, na maana yake ni nanasi lililochujwa. Basi. Hamna pombe wala nazi ndani ya jina hilo. Kwenye visiwa vya Karibi, hasa Cuba na Puerto Rico, watu waliuza maji ya nanasi yaliyokamuliwa na kupozwa, mwenye kutaka yaliyochujwa akaomba "colada" na asiyejali nyuzinyuzi akanywa hivyo hivyo. Mwaka 1922 gazeti moja la safari la Marekani lilieleza piña colada ya Cuba yenye ramu, ndimu, sukari na maji ya nanasi. Nazi haikutajwa. Kwa hiyo kilichotangulia ni juisi, ramu ikaingia baadaye, na nazi ikaja nyuma ya wote.

Na nanasi lenyewe ni mgeni kwetu, si kwao. Asili yake Amerika ya Kusini. Columbus na watu wake walilikuta kisiwa cha Guadeloupe mwaka 1493, na wenyeji wa Brazil waliliita nanas. Wareno wakalitembeza tunda pamoja na jina lake mpaka likafika pwani yetu. Ukisema "nanasi" sokoni Darajani unatamka neno la watu wa misitu ya Amerika.

Nazi ilisafiri njia ya pili. Karibi haikuwa na minazi kabla ya meli za Wazungu. Wareno walipopata njia ya kuzunguka Afrika na kuingia Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15, walirudi na nazi za huku, wakazipanda visiwa vya Cabo Verde, na kutoka hapo zikavushwa Atlantiki. Kumbukumbu za Puerto Rico zinasema padri aliyetoka Cabo Verde ndiye aliyeleta minazi kisiwani mwaka 1549. Wataalamu wa siku hizi waliopima asili ya minazi wamethibitisha kwamba ile ya upande wa Atlantiki ni uzao wa minazi ya Bahari ya Hindi. Tukiona picha za ufukwe wa San Juan na minazi imeinama, tunaangalia wajukuu wa minazi ya bahari yetu.

Sasa ramu, na hapa tunaomba tukae kidogo, maana hapa pana jambo ambalo menyu za hoteli haziandiki.

Ramu inatokana na miwa. Miwa ilisambazwa na Waislamu kutoka mashariki hadi Misri, Sicily na Andalusia, na jina sukari tumelipata kwa Waarabu. Columbus alipeleka miche ya miwa Karibi kwenye safari yake ya pili, 1493. Miwa ikikamuliwa na maji yake kupikwa, sukari hujitenga na kubaki molasi, uji mweusi unaonata. Mwanzo molasi ilikuwa kama takataka. Walipewa wanyama na watumwa. Katika karne ya 17, kwenye mashamba ya Barbados na visiwa jirani, molasi ikaachwa ichachuke kisha ikatoneshwa, ikatoka pombe kali. Waingereza wa Barbados waliiita "muua shetani", kana kwamba shetani huuliwa kwa chakula chake mwenyewe.

Nani alikata miwa hiyo? Waafrika waliotekwa. Kazi ya sukari ilikuwa miongoni mwa kazi mbaya kabisa za utumwa. Miwa ikishakatwa haingoji, lazima ikamuliwe upesi kabla haijaharibika, basi vinu viliendeshwa usiku na mchana wakati wa mavuno. Mtu aliyesinzia akilisha kinu, mkono ulivutwa kati ya magurudumu, na palikuwa pakiwekwa shoka pembeni ili mkono ukatwe kabla mwili mzima haujavutwa. Na ramu iliyotoka humo ikawa fedha: wafanyabiashara wa Rhode Island, Marekani, walijaza mapipa ya ramu melini, wakayapeleka Afrika Magharibi kununulia watu wengine, watu wakapelekwa Karibi kulima miwa, na molasi ikarudi Rhode Island kufanywa ramu tena. Wakizungukia hivyo kwa miaka mingi.

Sisi watu wa visiwa vya huku hatuwezi kuisoma habari hii kama ya mbali. Puerto Rico utumwa ulifutwa tarehe 22 Machi 1873, ingawa walioachwa huru walilazimishwa kufanya kazi kwa mkataba miaka mitatu zaidi. Mwaka huo huo, tarehe 5 Juni, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, lile la Mkunazini. Miezi haikufika mitatu kati ya moja na jingine. Kwetu pia soko lilifungwa lakini utumwa wenyewe ukabaki, mpaka amri ya 1897. Wao walikuwa na miwa, huku karafuu.

Turudi kwenye gilasi. Mwaka 1949 ilifunguliwa San Juan hoteli kubwa, Caribe Hilton, iliyojengwa na serikali ya Puerto Rico ili kuvuta watalii wa Kimarekani. Wakati huo huo profesa wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Puerto Rico, Ramón López Irizarry, alikuwa akihangaika na jambo ambalo kila mwanamke wa pwani analijua: kukamua tui ni kazi. Wapuerto Rico nao wana wali wa nazi na vitamutamu vya nazi, na nyumba zao zilichoka kukuna. Akafanikiwa kutoa tui zito kwa mashine, akalichanganya na sukari ya miwa, akaliuza kwenye kopo kwa jina la Coco López. (Bibi zetu na kifumbu chao hawakuandikiwa historia, lakini hayo ni mengine.)

Kopo hilo likafika kwenye kaunta ya Caribe Hilton. Hoteli inasema mhudumu wake, Ramón Marrero, aliyejulikana kama Monchito, ndiye aliyechanganya nanasi, tui hilo na ramu mwaka 1954, baada ya majaribio ya miezi mitatu. Mkahawa wa Barrachina, mji mkongwe wa San Juan, una kibao mlangoni kinachosema ni Ramón Portas Mingot, ndani ya mkahawa huo, mwaka 1963. Na kuna hadithi ya haramia Roberto Cofresí, aliyeuawa 1825, kwamba aliwanywesha mabaharia wake mchanganyiko huo kuwatia moyo. Hiyo ya haramia sisi tunaiweka kwenye kapu la hadithi za kuuzia watalii. Kati ya hao wawili, Monchito ana nguvu zaidi kwa tarehe, lakini aliyefanya kinywaji kiwe vile kilivyo ni mwenye kopo la nazi. Mwaka 1978 Puerto Rico ilikitangaza kuwa kinywaji chake rasmi, na mwaka uliofuata wimbo wa Rupert Holmes ukalitia jina hilo masikioni mwa dunia nzima. Ndiyo likafika hadi menyu za Nungwi na Paje.

Je, bibi harusi wa Kiislamu anywe? Chenye ramu hakina mjadala, Surat al-Maida aya ya 90 inatosha, na "kidogo tu" haibadilishi kitu. Kisicho na ramu, kwa maoni yetu, ni nanasi na nazi, vitu viwili vya halali, na kwa historia ndicho chenye kustahili jina kuliko kile cha hoteli. Wapo masheikh wanaochukia kufananisha kinywaji na pombe, na anayeona hivyo tunamheshimu. Sisi tukikiandaa kwenye shughuli tunakiita nanasi la tui, na hakuna mama mkwe aliyewahi kutukunjia uso.

Kukitengeneza nyumbani si tabu. Kuna nazi mbili zilizokomaa, kamua kasimile kwa maji ya moto kidogo sana, chuja. Tia vijiko vitatu au vinne vya sukari, weka kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka sukari iyeyuke. Lisichemke, tui litakatika. Poza. Menya nanasi moja lililoiva, saga kwenye blenda, chuja kama jina linavyotaka. Changanya nanasi, kasimile na barafu nyingi, kamulia nusu ndimu, saga tena mpaka kiwe kizito. Usitumie maziwa ya ng'ombe badala ya tui, kwa sababu nanasi bichi huyafanya yawe machungu yakikaa. Ukitaka ule utamu mzito wa ramu bila ramu, tumia sukari guru badala ya sukari nyeupe, kwa kuwa ina ile molasi ndani yake, na juu paruzia kungumanga. Vile vichupa vya harufu ya ramu vya kutilia keki viache dukani mpaka usome maandishi yake, maana baadhi vimechanganywa na alkoholi.

Na jambo la mwisho kwa wanaoandaa shughuli kubwa. Nanasi lina sukari nyingi, na kwa joto letu juisi iliyoachwa nje huanza kuchachuka yenyewe; Wamexico huloweka maganda ya nanasi makusudi siku chache ili wapate kinywaji kilichochachuka. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu, akinywa siku hiyo, ya pili na ya tatu, kisha kilichobaki humwagwa. Hiyo ni zabibu na maji. Nanasi la tui sisi tunalisaga asubuhi ya shughuli, linakaa ndani ya friji au kwenye ndoo yenye barafu, na likifika usiku likianza kutoa povu na kuwasha ulimi tunalimwaga, hata kama limebaki ndoo nzima.