Bima ya afya na wagonjwa wa akili, Kitengela

Bima ya afya kwa wagonjwa wa akili, inayotazamwa hapa kwa wakazi wa Kitengela, ni utaratibu wa kugharimia kwa fedha za umma matibabu ya wenye magonjwa makali ya akili, kama skizofrenia, huku wakiendelea kuishi na jamaa zao. Kitengela ni mji wa Kaunti ya Kajiado, kwenye barabara ya Namanga. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu zaidi ya 150,000.

Kwa miaka mingi tegemeo kuu la wagonjwa hawa nchini lilikuwa Mathari, hospitali iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910. Sheria ya Afya ya Akili ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, kaunti zilipewa wajibu wa kutoa huduma karibu na wananchi, na mgonjwa akapata haki ya bima bila kubaguliwa.

Tangu Oktoba 2024 bima ya umma imo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa awali wa bima, NHIF. Matibabu ya zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi, na mgonjwa hatoi mchango. Kuanzia ngazi ya 4 analipiwa yule tu ambaye michango yake haijakatika. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Anayeuza mitumba au kuendesha boda hukadiriwa mapato ya kaya yake, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa michango ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Skizofrenia mara nyingi humpata mtu akiwa kijana na kumtoa kazini, hivyo mchango hukatika wakati ule ule anapoanza kuhitaji sindano ya flufenazini kila baada ya wiki chache. Akiikosa, maradhi hurudi, naye hulazwa kwa gharama kubwa kuliko ya sindano zile. Kumwachia mgonjwa kama huyu mzigo wa kuchangia ni kosa la mpango wenyewe. Angestahili kulipiwa na serikali moja kwa moja.

Wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa nchini kote mwaka 2023, hupita nyumba kwa nyumba na wanaweza kumtambua aliyeacha dawa kabla hali haijaharibika. Lakini nauli ya kliniki na siku ya kazi anayopoteza mama anayemsindikiza mwanawe hubaki juu ya familia. Na dawa ikikosekana hospitalini, wanaandikiwa karatasi wakanunue duka la dawa.