Redio ya ridhaa ya mkononi

Redio ya ridhaa ya mkononi ni chombo kidogo cha kupokea na kurusha sauti kinachotumiwa na watu wenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani mawasiliano yanayofanywa kwa ajili ya kujifunza, majaribio na kusaidiana, bila malipo wala biashara. Kwa umbo inafanana na redio ya upepo wanayobeba walinzi na polisi, lakini hutumia masafa yaliyotengwa kwa ajili ya watumiaji wa ridhaa.

Hitilafu nyingi za redio hizi hazitokani na kuharibika kwa saketi ya ndani bali na betri, antena au mpangilio uliokosewa. Kwa sababu hiyo ukaguzi huanza nje na kuelekea ndani, na kubadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Masafa na umbali

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano umegawa dunia katika kanda tatu. Afrika imo katika Kanda ya 1 pamoja na Ulaya. Katika kanda hiyo redio za mkononi hutumia hasa megahezi 144 hadi 146 (VHF) na megahezi 430 hadi 440 (UHF). Nguvu ya kurusha kwa kawaida haizidi wati 5 hivi.

Mawimbi ya masafa haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Antena iliyo mita 1.5 juu ya ardhi tambarare ina upeo wa takriban kilomita 5, kwa hiyo watu wawili waliosimama uwandani wanaweza kusikilizana kwa kilomita 10 hivi. Mjini, penye majengo, umbali hupungua sana. Mtumiaji asiyejua jambo hili huweza kudhani redio yake ni mbovu, kumbe kilima kimekaa katikati. Ili kuwasiliana mbali zaidi hutumiwa ripita, yaani kituo kilichowekwa mahali pa juu ambacho hupokea sauti na kuirusha upya.

Umuhimu wa matunzo

Redio ya ridhaa huhitajika zaidi pale njia nyingine zinapokatika. Baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, watumiaji wa ridhaa waliokuwa Port Blair, katika visiwa vya Andaman, walisaidia kupeleka habari za watu wakati mawasiliano ya kawaida yalipokuwa yameharibika. Redio iliyowekwa kabatini mwaka mzima bila kujaribiwa haiwezi kutegemewa siku kama hiyo.

Kutafuta hitilafu

1. Betri. Betri nyingi za redio hizi ni za lithiamu zenye seli mbili. Volti yake ya kawaida ni 7.4, na ikijaa hufika 8.4. Wakati wa kusikiliza redio hutumia mkondo mdogo, lakini wakati wa kurusha mkondo huweza kupita ampea 1. Ndiyo sababu betri iliyochoka huweza kuwasha skrini na kutoa sauti vizuri, kisha redio ikazimika mara kitufe cha kurushia kinapobonyezwa. Betri hupimwa kwa mita ya umeme, na vidoto vya shaba vinavyoiunganisha na redio husafishwa kwa kitambaa kikavu.

2. Antena. Antena hukaguliwa kama imekazwa, kama haikuvunjika kwa ndani, na kama ni ya masafa yanayotumika. Robo ya wimbi kwa megahezi 145 ni sentimita 52 hivi, na kwa megahezi 435 ni sentimita 17 hivi. Antena fupi ya mpira ni waya uliozungushwa ili kupunguza urefu, na hupoteza sehemu ya nguvu. Kitufe cha kurushia kisibonyezwe antena ikiwa imetolewa, kwa maana nguvu isiyo na pa kutokea hurudi ndani na huweza kuunguza transista ya kurushia.

3. Redio haitoi sauti. Kwanza huangaliwa sauti kama imefunguliwa na kama plagi ya kipokea sauti cha sikioni haikuachwa ndani. Kisha huangaliwa skwelchi, yaani kizuizi kinachonyamazisha mvumo wakati hakuna anayezungumza. Ikiwekwa juu mno hunyamazisha hata sauti dhaifu za watu. Kosa linalowapata wengi ni toni ya kupokea. Ripita nyingi hudai toni ya chini, kati ya hezi 67 na 254 hivi, ambayo msikilizaji haisikii. Toni hiyo huhitajika upande wa kurusha. Ikiwekwa pia upande wa kupokea, redio hukaa kimya mpaka ipokee sauti yenye toni ileile.

4. Redio inasikia lakini haisikiki. Kama skrini au taa inaonyesha kuwa redio inarusha, hukaguliwa toni ya kurusha na tofauti ya masafa ya ripita. Kwa ripita za VHF katika Kanda ya 1, kwa kawaida masafa ya kurushia huwa chini ya yale ya kupokelea kwa kilohezi 600. Kama redio hairushi kabisa, huenda imefungiwa kurusha wakati chaneli ina mtu, au masafa yaliyochaguliwa hayaruhusiwi na chombo hicho.

5. Sauti hafifu au inayokwaruza. Redio moja inaweza kuwa imewekwa upana wa kilohezi 12.5 na nyingine 25. Sababu nyingine ni kuziba kwa tundu la maikrofoni kwa vumbi, au kuzungumza mdomo ukiwa karibu mno. Umbali wa sentimita 5 hivi hutosha.

6. Redio inarusha yenyewe. Mara nyingi kazi ya kurusha kwa kuongozwa na sauti imewashwa bila kukusudia, au kitufe kimenasa.

Jaribio zuri kuliko yote ni kulinganisha na redio nyingine inayojulikana kuwa nzima. Redio mbili huwekwa mbali mita kadhaa, kwa nguvu ndogo, kisha betri na antena hubadilishwa zamu kwa zamu ikiwa ni za aina moja. Kurudisha redio kwenye mpangilio wa kiwandani huwa hatua ya mwisho, kwa kuwa hufuta chaneli zote zilizohifadhiwa. Ziandikwe kwanza.

Kununua vifaa

Anayeanza hupata faida zaidi akinunua mita ya umeme na betri ya akiba kabla ya vipuri vya ndani. Kabla ya kununua redio huulizwa maswali machache: Je, inafika kwenye masafa yanayoruhusiwa? Betri na chaja yake zinapatikana karibu? Kiunganishi cha antena ni cha kiume au cha kike? Redio zinazofanana kwa nje hutofautiana hapo.

Katika maeneo kama Kariakoo, Dar es Salaam, au barabara ya Luthuli, Nairobi, vifaa vya elektroniki hupatikana kwa wingi, na mnunuzi anaweza kuvijaribu dukani kabla ya kulipa. Kwa kuagiza mtandaoni hupatikana aina nyingi zaidi, lakini kurudisha kilicho kibovu ni vigumu.

Vitu vya kuiga hutambulika kwa hesabu. Seli ya lithiamu ya ukubwa wa 18650 huwa na uwezo usiozidi sana miliampea-saa 3,500; iliyoandikwa 9,900 inadanganya. Kebo ya kuunganisha redio na kompyuta yenye chipu ya kuiga huweza kukataliwa na kompyuta, na mnunuzi akadhani redio imekufa.

Kwa vipuri vidogo, rezista huuzwa kwa thamani za mfuatano maalumu, kama 10, 12, 15, 18, 22, 27, 33, 39, 47, 56, 68 na 82, na vizidishi vyake vya kumi. Kapasita inaweza kubadilishwa kwa yenye kiwango kilekile cha mikrofaradi na volti kubwa zaidi, kamwe si ndogo zaidi.

Usalama na leseni

Betri ya lithiamu iliyovimba, iliyotobolewa au iliyolowa maji haichajiwi tena, kwa kuwa huweza kushika moto. Chaja ya redio moja haitumiwi kwa nyingine bila kuhakikisha volti na upande wa chanya na hasi.

Kurusha kunahitaji leseni ya mamlaka ya nchi, kama TCRA nchini Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Mwenye leseni hupewa alama ya wito. Za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z na za Uganda 5X. Redio nyingi za bei nafuu zinaweza kurusha hata nje ya masafa ya ridhaa, ambako huenda kuna polisi au magari ya wagonjwa. Kwa hiyo anayejaribu redio iliyotengenezwa huangalia kwanza namba iliyo kwenye skrini, ndipo abonyeze kitufe.